Mgongo wa Mjomba Sakalia

Kila asubuhi, kengele ya sala ilipokwisha kunyamaza, mjomba wangu Sakalia alichukua ufagio wa chelewa akafagia kokoto mbele ya mlango wake. Hilo peke yake si jambo. Kisiwani kwetu kila mtu hufagia. Lakini mjomba hakuwa akiishia mlangoni. Alifuata njia, akapita nyumba yetu, akapita tangi la maji, akafagia mpaka hatua chache kutoka jiko la Akenehe, mwoka mikate, ambako moshi ulikuwa umeshaanza kutoka. Hapo aligeuka ghafla kama aliyekumbuka kitu alichokiacha motoni, akarudi na ufagio begani. Zile kokoto za mwisho hakuwahi kuzigusa.

Bibi Malekalita, ambaye baraza yake inatazama njia hiyo, na ambaye hana kazi nyingine tangu macho yake yakatae kusuka mikeka, alikuwa akisema kwamba katika visiwa vyote vya Tokelau hakuna mpaka uliochorwa vizuri kama ule wa Sakalia.

Mjomba ni kaka wa mama yangu, mkubwa kwake. Wakati ninaoueleza nywele zake zilikuwa zimeanza kumhama utosini, lakini kutoka shingoni kushuka alikuwa bado mtu wa kutegemewa. Alitengeneza injini za boti na kuchonga mitumbwi, na kwenye kwaya aliimba sauti ya tano, sauti ambayo Padri alisema haimo kwenye kitabu. Na wanaume wenzake alikuwa msemaji. Angeweza kueleza jinsi kolekole mmoja alivyokata mshipi mpaka usikie huruma kwa mshipi. Ila Akenehe akitokea, maneno yalimkaukia, akaanza kutafuta kitu mifukoni, hata siku alizovaa shuka lisilo na mifuko.

Akenehe hakuwa mtu wa kukaukiwa na maneno. Alioka mikate ya kijiji kizima, na ukichelewa kuja kuchukua wako alikupa pamoja na hotuba. Wanaume wawili watatu walikuwa wamepita kwake miaka ya nyuma, wakatoka na mkate tu.

Tatizo la mjomba lilianza zamani, mwenyewe akiwa mtoto. Mama yake Akenehe aliugua akapelekwa hospitali ya Apia, huko Samoa, na Akenehe akaletwa nyumbani kwa babu yangu. Kwetu samaki wa kijiji akifika ufukweni ni wa kijiji. Wagawaji huwapanga juu ya kokoto mafungu mafungu, wanaita nyumba moja baada ya nyingine, na watoto wanabeba. Basi kwa muda ule Akenehe alihesabiwa kwenye fungu la nyumba ya babu. Baadaye mama yake akapona, wakarudi kwao, yakaisha. Lakini watu walikwisha kusema: hawa wamekula fungu moja, hawa ni kaka na dada.

Kwa damu hawakuwa hivyo. Mzee Pio, mkuu wa wavuvi, anayejua koo zote mpaka mtumbwi wa kwanza uliofika hapa, aliwahi kupekua nasaba zao mbele za watu, mchana kutwa, akatoka bila kitu. Alisema wawili hao hawana wanachochangia isipokuwa chumvi. Huku kwetu, ambako unaweza kukizunguka kijiji kizima na ukirudi shelisheli ulilolitia motoni halijaiva, kumpata mtu asiye binamu yako ni bahati ya mtende. Mjomba aliipata bahati hiyo, akaikalia.

Maana kaka na dada kwetu hawakai pamoja penye mambo ya mapenzi. Mzaha wa namna hiyo ukianza, mmoja huondoka. Binamu nao ni kaka na dada. Kwa hiyo jioni za kuangalia filamu kwenye jumba la mkutano, wanaume upande mmoja na wanawake upande mwingine, kila watu wa kwenye picha wakianza kusogezeana nyuso, wanaume wetu huinuka kwa mkumbo. Hutoka nje, wakasimama wakizungumza habari za injini, mpaka mtoto mmoja awaite: "Njooni, wameachana."

Mjomba aliinuka pamoja nao kila mara. Kama Akenehe yumo ukumbini, aliinuka wa kwanza. Hakuna aliyemlazimisha. Angekaa tu, mara moja, kijiji kizima kingeelewa kwamba yule si dada yake, na kwa nini anataka asiwe. Ndiyo maana hakukaa. Miguu yake mwenyewe ndiyo iliyokuwa ikimfanya ndugu, mwaka baada ya mwaka, na Akenehe aliitazama miguu hiyo ikitoka.

Ndipo wakaja watu wa filamu.

Walishuka kwenye meli ya kutoka Apia na masanduku mengi kuliko harusi. Kiongozi wao alikuwa Bronwyn, mwanamke mrefu wa Wellington mwenye pua iliyobambuka kwa jua, mpole, anayesema asante hata kwa mbwa. Alikaa na wazee akawaeleza hadithi aliyotaka kuipiga picha. Kijana mvuvi anampenda binti mwoka mikate. Baba wa binti hamtaki. Kijana anakwenda baharini peke yake siku ya dhoruba, anarudi na jodari mkubwa, anampa binti mkononi, na binti analia. Halafu wanabusiana.

Wazee wakamshukuru kwa heshima. Bibi Malekalita, ambaye hakualikwa lakini alikuwapo, akauliza nani alimruhusu huyo kijana kwenda peke yake. Kisha akauliza kama amesikia vizuri, kwamba samaki mzima anapewa mtu mmoja. Alipoambiwa ndiyo, alitikisa kichwa akasema, "Huyo si mchumba. Huyo ni mwizi."

Bronwyn alicheka akaandika kitu. Alidhani ni utani.

Kijana wa kuigiza walikuja naye kutoka Auckland. Alikuwa mzuri wa uso hata wasichana wakawa wanateka maji yasiyohitajika. Lakini alipoingizwa kwenye mtumbwi, mtumbwi ulizunguka mahali pamoja kama mbwa anayetafuta pa kulala, na yeye akatapika pande zote mbili kwa haki. Walijaribu tena kesho yake, ikawa vilevile. Bronwyn akaamua kwamba atamwonyesha kijana kwa uso anapokuwa nchi kavu, na baharini ataonyeshwa mtu mwingine kwa nyuma. Akatembea kijijini akiwatazama wanaume migongo, jambo lililowafanya wengi wanyooke, akachagua wa mjomba.

Binti wa kuigiza naye alikuwa na shida yake. Alipokanda unga, unga ulimshinda. Ulimpanda mpaka viwiko, akabaki kama aliyenaswa. Bronwyn akaenda jikoni kwa Akenehe, akasimama akiiangalia mikono yake inavyofanya kazi, akasema hii ndiyo mikono ninayoitaka.

Kwa hiyo mjomba akawa mgongo, na Akenehe akawa mikono. Tatizo likaonekana mara moja. Ile sehemu ya samaki, mgongo ungeipa mikono samaki. Wazee wakaitana. Je, watu waliokula fungu moja wanaweza kuigiza mambo hayo? Walizungumza mpaka chai ikapoa ikapashwa tena. Mama yangu, ambaye kama dada hawezi hata kulitaja jambo la namna hiyo mbele ya kaka yake, aliketi uani akikung'uta mkeka usio na vumbi. Mwisho Mzee Pio alitoa uamuzi ambao bado tunautumia kijijini kwa mambo mengine. Alisema, "Mgongo hauna dada, na mikono haina kaka. Vichwa vikibaki nje ya picha, hakuna kosa."

Siku ya kupiga picha mjomba na wenzake walitoka alfajiri wakarudi na jodari mzuri, mnene, anayeng'aa. Mjomba alipiga kasia kuingia ufukweni kwa mgongo wake wote. Nadhani alikuwa ameupaka mafuta ya nazi, maana nzi walimfuata. Bronwyn alifurahi. Akasema vizuri sana, turudie mara moja tu, akageuka kuongea na mtu wa kamera. Alipogeuka tena, jodari alikuwa ameshakatwa. Mafungu yalikuwa yamepangwa juu ya kokoto, mgawaji anaita majina ya nyumba, na watoto wameshaondoka na vikapu. Kichwa kilikuwa kwa Padri.

Hakuna aliyefanya ubaya. Samaki alifika ufukweni, akagawiwa. Hata fungu la watu wa filamu lilikuwapo, limefunikwa jani, kubwa kuliko mengine kwa sababu ni wageni. Bronwyn alilitazama fungu lile kwa muda, halafu akasema asante.

Kesho yake akawaomba wagawaji wangoje kidogo. Wakangoja kidogo. Siku iliyofuata akaomba wangoje mpaka jua lishuke, na Mzee Pio akamuuliza kwa upole kama huko Wellington watu wanakula samaki aliyeoza. Na hata kama wangengoja, kulikuwa na jambo jingine. Mjomba alikataa kumkabidhi mtu mmoja samaki wa kijiji. Alisema atapiga kasia mpaka mikono ing'oke, atakaa mvuani, atafanya lolote, lakini hilo hapana. Angewezaje kupita mbele za watu wote, njaa zao anazijua, akampa mmoja? Bronwyn alimwambia ni mchezo tu. Mjomba akamjibu kwamba samaki hajui kama ni mchezo.

Akaenda nyuma ya nyumba yake, akachukua kipande cha kanava, ule mti mgumu tunaochongea mitumbwi, kilichobaki kwenye kazi yake, akachonga jodari. Alichonga mapezi, akachonga jicho. Watu wa filamu wakampaka rangi, wakamwagia maji, aking'aa juani huwezi kumtofautisha. Huyo hakuwa samaki wa mtu. Huyo angeweza kupewa yeyote. Ingawa Bibi Malekalita alipomwona alisema yeye atachukua mkia.

Walisimama mbele ya jiko, mjomba ameipa kamera mgongo, Akenehe amenyoosha mikono yenye unga. Kijiji kizima kilikaa kuangalia, tukaambiwa tusicheke. Mjomba alimweka samaki mikononi mwa Akenehe akabaki akiangalia kokoto.

"Samaki wako mzito, Sakalia," alisema Akenehe, kwa chini, lakini sisi tuliokaa mbele tulisikia.

"Ni kanava," alisema mjomba.

"Najua ni mti. Nasema ni mzito."

Mjomba akatafuta mifukoni. Bronwyn akapiga kelele asiguse mifuko, turudie. Wakarudia. Wakarudia tena. Mara mjomba alisimama mbali mno, mara alimgeuza samaki mkia mbele, mara jogoo aliwika. Alimkabidhi yule samaki mpaka vivuli vya minazi vikafika majini. Bibi Malekalita alisema baadaye kwamba mwenye akili aliona kazi imekwisha mara ya kwanza. Kule kurudia kwingine Bronwyn aliwafanyia hisani tu.

Kisha meli ikaja, wakafunga masanduku yao, samaki wa mti akiwa ndani ya moja, wakaondoka.

Kijijini ikabaki jina. Hakuna aliyemwita tena mjomba Sakalia. Akipita, watoto walisema Mgongo huyo. Akichelewa kwenye kazi ya kijiji waliuliza Mgongo bado umelala? Alijifanya kukasirika. Lakini siku moja alikuja nilipokuwa nakuna nazi, akasimama, akauangalia mlango wa nyumba yetu kama ndio anaozungumza nao, akaniuliza mgongo wake ukoje. Hakuwahi kuuona. Nilimwambia ni mgongo tu, mjomba. Akauliza tena, lakini ni mzuri au? Nikamwambia ni mpana. Akaondoka ameridhika, na wiki nzima alitembea kama amemeza kasia.

Kwa Akenehe mambo hayakusogea hata unywele. Ufagio uliishia palepale. Jioni moja tuliangalia filamu kutoka Samoa, na watu wa kwenye picha walipoanza mambo yao, wanaume wakainuka, mjomba mbele. Akenehe alikuwa akijipepea. Hakuacha kujipepea. Alisema kwa sauti ya kutosha mkeka mzima, "Nendeni salama, kaka zangu," na macho yake yalikuwa kwa mmoja. Mjomba huko nje alizungumza habari za plagi za injini hata baada ya wenzake kuitwa na kurudi ndani.

Baada ya hapo ndipo Akenehe alipomkubalia kaka yake. Huyu ni kaka wa kweli, wa tumbo moja, anayekaa Porirua, karibu na Wellington, na kwa miaka alikuwa akimpigia simu aende akamsaidie watoto, kazi ataipata, baridi ataizoea. Akenehe alikuwa akimjibu tutaona. Sasa akasema ndiyo. Wanawake walipomuuliza jikoni kwake kwa nini sasa, alikuwa akikanda, hakuinua kichwa.

"Mtu hatii unga kwenye beseni," alisema, "akakaa mwaka mzima kungoja hamira ije kwa miguu yake."

Maneno hayo yalifika kwa mjomba kabla mikate haijaiva. Mama yangu alitaka sana kumwambia kitu, lakini mila ilimfunga mdomo. Basi aliongea na masufuria. Siku hizo masufuria ya nyumbani kwetu yalipigwa kuliko ngoma za sikukuu. Jioni mjomba alipokuja kula, mama alinigeukia mimi, mgongo wake kwa kaka yake, akaniambia meli ikija safari hii, watu wa kijiji hiki wajiandae kula biskuti. Mjomba akatafuna, akameza, akasema biskuti si mbaya. Mama akatoka nje, nikasikia sufuria jingine.

Meli hiyo ilikuja karibu mwaka tangu watu wa filamu waondoke, na ndani yake alikuwamo kijana wao mmoja amebeba filamu yenyewe. Bronwyn alikuwa ametuahidi kwamba tutaiona sisi kwanza, kabla ya mji wowote, na alitimiza. Meli ikashusha mizigo, ikaendelea kwenda kisiwa cha Atafu. Ingerudi kesho yake kuchukua abiria. Akenehe alikuwa ameshaaga nusu ya kijiji. Sanduku lake lilikuwa barazani limefungwa kamba, hamira amewagawia wanawake, na mtu yeyote angeweza kuliona sanduku hilo kutoka pale ufagio wa mjomba ulipokuwa ukiishia. Asubuhi hiyo hakufagia kabisa.

Jioni, mara baada ya sala, tukaingia ukumbini. Mama alisema jino linamuuma, abaki nyumbani. Jino halikuwa na kitu. Alijua filamu ni ya mapenzi na kaka yake yumo ndani yake, hakutaka kumwaibisha kwa kukaa. Mjomba aliketi upande wa wanaume, mwisho kabisa wa mkeka, pale unapopakana na wa wanawake. Akenehe alikuwa nyuma yake kidogo, na pepeo lake.

Shuka jeupe lililotundikwa mbele likawaka, bahari yetu ikatokea. Halafu ukatokea mgongo. Ulikuwa mkubwa kama mlango wa kanisa, unang'aa, unapiga kasia. Ukumbi ukapasuka kwa kicheko, watoto wakaimba Mgongo, Mgongo, na Mzee Pio akasema angalau sasa tumejua mafuta ya nazi yalikokwenda. Mjomba alijiangalia bila kupepesa. Kisha mikono ikatokea, inakanda, na kicheko kikapungua, maana mikono ile ilikuwa mizuri, na kesho ingekuwa haipo.

Hadithi ikaenda. Baba akakataa, dhoruba ikaja, mgongo ukarudi salama. Samaki akatoka kwenye mkono mmoja akaingia kwenye mikono miwili. Picha ikabadilika, zikaja sura za waigizaji, karibu, zikazidi kusogea.

Wanaume wakainuka.

Niliona goti la mjomba likipanda, kwa mazoea. Likafika nusu. Likashuka. Akakunja miguu akaketi vizuri zaidi kuliko mwanzo, mikono mapajani. Pembeni mwake mkeka ulikuwa mtupu, alikuwa amebaki peke yake kama mnazi kwenye mchanga.

Waliokuwa wakitoka walimwona. Wa mbele wakasimama mlangoni kugeuka, wa nyuma wakawagonga, wakakwama wote pale, na hivyo binamu wote wa kijiji walibaki wamesimama ukumbini muda ule wa busu. Hakuna aliyelitazama busu.

Bibi Malekalita ndiye aliyesema. Sauti yake haikuwa ya utani kama siku zote.

"We Sakalia. Dada yako yumo humu ndani."

Mjomba hakugeuka. "Dada yangu yuko nyumbani," alisema. "Jino linamuuma."

Pepeo la Akenehe likasimama. Kwenye shuka wale wawili walikuwa bado wakiambiana mambo yao. Mjomba shingo ilikuwa imelowa jasho. Nilidhani atakimbia. Angekimbia, ingekuwa kama meli imeshaondoka na Akenehe.

"Kama si kaka yangu," alisema Akenehe hatimaye, "basi aache kunikalia mbele kama ukuta. Nimekuja kuangalia filamu."

Watu wakacheka, lakini kidogo, kwa pumzi. Mjomba akasogea kando. Alisogea kwa kuburura makalio, akaburura na mkeka, mpaka akawa karibu sawa naye, kati yao upana wa mtoto mmoja.

"Umechelewa, Sakalia," alisema Akenehe. Sasa hakuwa akisemea ukumbi. "Sanduku limeshafungwa."

"Nani alifunga kamba?"

"Mimi."

"Basi litafunguka lenyewe," alisema mjomba. "Nililiona asubuhi. Hujui kufunga fundo."

Akenehe akamtazama kwa namna anayowatazama watu wanaodai mkate wao umepungua uzito. Nadhani alikuwa akingoja atafute mifuko. Hakuitafuta. Mikono ilibaki palepale mapajani.

"Nenda kalijaribu basi, tuone," alisema. Akachukua pepeo lake, akainuka, akatoka kwa mlango wa wanawake bila kumwangalia mtu.

Mjomba alibaki ameketi. Kwenye shuka sura zilikuwa zimekwisha kuachana zamani, yalikuwa yakionyeshwa mawimbi tu, na hakuna mtoto aliyekumbuka kuwaita wanaume warudi, kwa vile hakuna aliyekuwa ametoka. Kijana wa mashine akauliza kwa ishara kama asimamishe. Mzee Pio akamwambia aendelee, kisha akageuka na kusema kwa ukali mdogo, kama anavyowahimiza vijana wapitishe mtumbwi mawimbi yanapotulia kidogo kwenye mkondo wa miamba, "Sasa, Sakalia. Unangoja wimbi la pili?"

Mjomba akainuka. Akainama kama mtu anayepita mbele za wakubwa, akasema samahanini, samahanini, akiruka miguu ya watoto, akakanyaga mkono wa mmoja akamwomba radhi, akatoka kwa mlango uleule wa wanawake. Filamu ilikuwa bado ndefu. Tulimwachia nafasi yake kwenye mkeka mpaka mwisho, lakini hakurudi.